Kompyuta Iliponiuliza: Kwani Wewe Nani Hapa?

  

Juzi nilikuwa kijiweni kwetu napata chai na chapati. Mara akatokea kijana mmoja wa mtaani, mtanashati ile mbaya, laptop kwapani, ila uso umekunjamana kama karatasi ya maandazi.

"Bro, hii mashine imenidatisha," akaniambia. "Kila nikitaka kuiapdeti inaniambia sina ruhusa. Sina ruhusa vipi wakati nimeinunua kwa hela yangu mwenyewe?"

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Sikumcheka yeye. Swali lile lile, kwa maneno yale yale, niliwahi kulisikia kwa shemeji yangu kule Karagwe, na siku hiyo hakuna aliyecheka. Kaa vizuri nikusimulie, halafu mwishoni nitakwambia ya huyu kijana yaliishia wapi.

NJIA PANDA YA OMURUSHAKA

Ilikuwa Agosti, mwaka 2024. Nilikwenda kumsalimia dada yangu aliyeolewa huko. Kwa wasiopajua, ukitoka Bukoba unapita Kyaka, halafu gari linaanza kukwea milima mpaka Omurushaka. Hiyo ndiyo njia panda yenyewe. Ukienda mbele kidogo unaingia Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe. Ukikata upande wa pili unaelekea Nkwenda hadi Murongo, Wilaya ya Kyerwa, ambako ukivuka mto tu uko Uganda. Zamani kote huko ilikuwa Karagwe moja. Kyerwa walipewa wilaya yao mwaka 2012.

Agosti ni wakati wa kahawa. Kila ua lina turubai, kila turubai lina kahawa, na kila kahawa ina kuku anayefukuzwa. Dada alinipokea kwa ndizi na maharage, nikala mpaka nikaogopa kuinama.

Shemeji ana duka la steshenari pale Omurushaka. Fotokopi, kuchapa barua, kuleminisha vyeti, picha za pasipoti, vyote anafanya. Ila ukifika msimu wa matokeo ya kidato cha sita, kazi kubwa ni moja: vijana wanaomba vyuo na mikopo. Wanatoka Karagwe, wanatoka Kyerwa, wengine wamekaa juu ya bodaboda mpaka nywele zimegeuka rangi kwa vumbi.

Na kazi yote hiyo inabebwa na kompyuta moja ya mezani. Mtumba. Shemeji aliinunua kwa mtu, aliyeinunua kwa mtu, aliyeipata kwenye mnada wa ofisi moja ya Dar es Salaam ambayo jina lake silitaji. Mashine ngumu, haina neno. Miaka miwili inapiga kazi. Ila ilikuwa na kasoro moja ambayo shemeji aliizoea kama mtu anavyozoea mlango unaolia: kila mara ilikuwa inaomba kuapdetiwa, na kila mara shemeji alikuwa anaifungia dirisha.

"Inasumbua tu hii," alisema. "Ukiikubalia inataka paswedi. Paswedi gani? Mimi sina."

BINTI WA NKWENDA

Jumamosi asubuhi akaingia binti mmoja kutoka upande wa Nkwenda, kaongozana na baba yake. Mzee kavaa koti, kofia mkononi. Binti akaamkia watu wote shikamoo, mpaka mimi ambaye bado najiona kijana. Hapo nikaumia kidogo, ila tuyaache.

Alikuwa anaomba mkopo wa chuo. Safari ya kwanza alishakuja, akachapa fomu zake. Akarudi kijijini kutafuta sahihi na mihuri. Sasa zote zimekamilika, zimo ndani ya bahasha, bahasha imo ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko umo ndani ya begi. Kilichobaki ni kuziskani na kuzipandisha kwenye ukurasa wa maombi wa Bodi ya Mikopo. Dirisha la maombi lilikuwa limebakiza siku chache tu kufungwa. Na mzee alishasema wazi: nauli ya safari ya tatu haipo, mpaka kahawa ilipwe.

Shemeji akaskani, safi. Akafungua brauza. Ukurasa ukaja nusu, ukasimama. Akarudia, nusu. Juu pale brauza ikawa inalalamika kwamba imezeeka, iapdetiwe kwanza.

Safari hii hakuwa na ujanja. Akabonyeza kukubali. Kioo kikawa cheusi kidogo, likatokea dirisha: weka paswedi ya msimamizi. Akajaribu jina la mkewe. Hola. Mwaka wake wa kuzaliwa. Hola. Akaenda kuapdeti Windows yenyewe, ikazunguka weee, halafu ikamtemea namba ambayo mpaka leo naikumbuka kama namba ya mtu anayenidai: 0x80070005. Chini yake Kizungu kifupi: Access is denied. Umekataliwa.

"Nimekataliwa na nani?" shemeji akang'aka. "Duka langu, meza yangu, umeme nalipa mimi! Kompyuta nimeinunua kwa hela yangu!"

Mzee wa Nkwenda akaitazama kofia yake. Binti akaibana bahasha kifuani.

FUNDI NA DAWA ZAKE MBILI

Akaitwa fundi. Kijana mdogo, mwepesi, flashi zinaning'inia shingoni kama hirizi. Akaangalia kioo sekunde tano, akatoa hukumu.

"Hapa tunapiga window tu. Elfu kumi na tano."

Msomaji, wewe unajua na mimi najua. Fundi wa Kitanzania ukimpelekea kompyuta haina sauti, anapiga window. Ikiwa nzito, anapiga window. Kipanya kikikatika waya, window. Na kupiga window si vibaya, ila kwa haraka ile maana yake ni kufuta kila kitu na kuanza upya.

Flashi ilishachomekwa, mkono uko kwenye kitufe cha kuwashia, dada yangu akaingia na chupa ya chai. Akauliza swali moja tu, kwa upole:

"Na faili la VICOBA mmelitoa?"

Kimya. Fundi akamtazama shemeji. Shemeji akautazama ukuta.

Ndani ya ile kompyuta kulikuwa na hesabu za akina mama ishirini na nane. Nani kaweka hisa ngapi, nani kakopa, nani karejesha, nani anadaiwa faini ya kuchelewa. Zamani walikuwa na kauntabuku. Wakaingia digitali, kauntabuku wakaliacha mwezi wa pili, ukurasa wa kati. Miezi sita ya hela za watu ilikuwa kwenye diski ile na hapana pengine. Desemba ndiyo kugawana. Hebu jaribu kuwaeleza akina mama ishirini na nane kwamba hesabu zao zimeondoka na window. Dada yangu angehama wilaya.

Fundi, kwa heshima yake, akachomoa flashi. Ila alikuwa na dawa ya pili. "Basi kuna programu yangu hapa inavunja paswedi. Tunazima antivairasi dakika moja tu, naingiza, mlango unafunguka."

Mimi si fundi, bwana. Kazi yangu ni kuandika maneno. Ila nimekaa mjini vya kutosha kujua kwamba mtu akikwambia "mfukuze mlinzi dakika moja tu", muulize kwanza anataka kubeba nini. Nikaomba nafasi nimpigie rafiki yangu mmoja yuko Mwanza, anafanya kazi za mitandao.

MASHINE IKAMTAJA

Rafiki yangu hakushtuka hata. Akasema fungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, uandike neno moja: whoami. Ni maneno matatu ya Kiingereza yaliyobanwa pamoja, maana yake "mimi ni nani". Nikaandika, nikabonyeza.

Kompyuta ikajibu jina la mashine, mkwaju, halafu neno moja: mapokezi.

Hapo ndipo tulipoelewa wote, hata mzee. Ile kompyuta miaka miwili ilikuwa Omurushaka kimwili tu. Kiroho ilikuwa bado Dar es Salaam, juu ya meza ya mapokezi. Ilikuwa na wenyeji wawili ndani yake. Mmoja ni msimamizi, yule jamaa wa kompyuta wa ile ofisi, mwenye funguo zote. Wa pili ni mapokezi, aliyeruhusiwa kuandika, kuchapa na kusoma, lakini si kugusa mitambo. Shemeji yangu, mwanaume wa kilo tisini, mwenye duka, mwenye mke na mashamba, ndani ya kompyuta yake mwenyewe alikuwa dada wa mapokezi!

Fundi alicheka akakaa chini. Shemeji hakucheka. Ila hasira ilimtoka, maana sasa alijua hakutukanwa. Aliulizwa swali, akakosa jibu.

Na hiki ndicho ninachotaka ukishike leo hata kama mengine utayasahau. Kompyuta ikikwambia huna ruhusa, haikwambii wewe si mwenye mali. Haijui risiti yako. Inakuuliza kitu kimoja: wewe nani humu ndani? Ni kama kupiga hodi kwenye nyumba uliyoinunua, mlinzi aliyeachwa na mwenye nyumba wa zamani akakuzuia getini. Mlinzi hana kosa, hakuambiwa tu kwamba nyumba imeuzwa.

CHUMBA BADALA YA NYUMBA

"Sasa binti tunamsaidiaje?" nikamuuliza rafiki yangu.

Akasema kitu rahisi mpaka nikaona aibu. Msiombe ruhusa ya nyumba nzima, ombeni ya chumba. Brauza kama Chrome na Firefox zinaweza kusakinishwa kwa mtu mmoja tu, ndani ya folda yake mwenyewe, bila kugusa mitambo ya pamoja. Pakua upya, anza kusakinisha, likija dirisha la paswedi sema hapana. Yenyewe itakuuliza kama unataka kuendelea bila usimamizi. Sema ndiyo.

Tukapakua. Intaneti siku hiyo ilikuwa inatembea kwa magongo. Tukiwa tunasubiri, mzee wa Nkwenda akazungumza kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Hapa Karagwe kusubiri ruhusa si jambo geni," akasema taratibu. "Hata yule Mzungu Speke alisubiri kwa Mukama Rumanyika."

Na ni kweli kabisa. John Speke na mwenzake James Grant walifika kwa Rumanyika, upande wa Bweranyange, Novemba 1861. Bunduki walikuwa nazo, mizigo walikuwa nayo, ila Buganda hawakuweza kwenda mpaka Kabaka Mutesa akubali. Wakakaa. Wajumbe wa Mutesa walikuja Januari 1862, Speke akaondoka. Grant mguu ulikuwa mgonjwa na wagonjwa hawakuruhusiwa kuingia Buganda, akabaki Karagwe miezi mingine. Mtu na safari yake ya kutafuta chanzo cha Nile, kaambiwa asubiri, kasubiri. Sembuse sisi na Chrome.

Likaja dirisha la paswedi. Tukasema hapana. Likaja swali. Tukasema ndiyo. Brauza mpya ikafunguka, ukurasa ukaja mzima. Kurasa zikapanda moja moja, binti anahesabu kwa midomo. Ya mwisho ilipokubali, mzee alivaa kofia yake. Hakusema kitu. Alimpa shemeji mkono, akanipa na mimi, akampa hata fundi.

KWANI RUHUSA HIZI ZILITOKA WAPI?

Nisikuchoshe na historia, ila kidogo tu. Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni pia, mpaka upate kibali. Kibali kilikuwa bandarini. Miaka hiyo hiyo huko Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, walioanza kutengeneza mfumo wa Unix mwaka 1969, walikuwa wanaweka kibali ndani ya mashine yenyewe. Kompyuta ilikuwa moja kubwa, watu wengi, kila mtu na mafaili yake. Bila mipaka, mmoja angefuta kazi ya wenzake. Hivyo kila faili likawa na mwenyewe, na juu ya wote akawepo mkubwa mmoja anayeruhusiwa kila kitu.

Kompyuta zetu za mezani zilichelewa kuiga. Wakati wa Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, majumbani karibu kila aliyewasha mashine alikuwa msimamizi. Raha tupu, hakuna wa kukuuliza. Na virusi navyo raha tupu, maana ukiingia nacho wewe msimamizi, nacho kinakuwa msimamizi. Ndipo Windows Vista ikaja mwaka 2007 na kale kadirisha ka "una uhakika?" ambako watu walikachukia kama mkwe mkorofi. Ila kalikuwa na sababu.

Na masasisho nayo yana sababu. Machi 14, 2017, Microsoft walitoa kiraka cha kuziba tundu moja kwenye Windows. Waliosasisha wakasasisha. Waliofanya kama shemeji, kubonyeza "baadaye", wakabaki. Mei 12 mwaka huo huo kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu lile lile, kikafunga mafaili ya watu na kudai hela. Zaidi ya kompyuta laki mbili, nchi kama 150. Uingereza hospitali zilirudisha wagonjwa majumbani. Dawa ilikuwa imetolewa miezi miwili kabla, bure!

Kwa hiyo usidhani kilio cha kuapdeti ni kiherehere cha Wazungu. Faili la akina mama ishirini na nane lilikuwa nyuma ya tundu kama hilo miaka yote miwili.

FANYA HIVI, MTOTO WA MJINI

Sasa tuingie kwenye dawa. Ukikataliwa ruhusa, usikimbilie window. Fuata hatua.

Kwanza, soma namba. 0x80070005 ni ruhusa. 0x80070070 ni diski imejaa, hapo paswedi haitakusaidia, futa filamu zako. Watu wengi wanatibiwa malaria wakati wanaumwa jino.

Pili, uliza whoami, halafu ingia kwenye mipangilio, upande wa akaunti, uangalie kama jina hilo ni la msimamizi au la mtumiaji wa kawaida. Kama ni msimamizi na bado inakataa, bonyeza programu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague kuiendesha kama msimamizi. Maana hata mwenye nyumba siku hizi anazunguka humo kama mpangaji mpaka aombe funguo.

Tatu, funga programu unayotaka kuisasisha. Huwezi kubadilisha tairi gari linatembea. Kama kuna usakinishaji mwingine unaendelea, usubiri uishe. Mara nyingine kuwasha upya tu kunatosha.

Nne, angalia saa na tarehe. Betri ndogo ya ndani ikifa na umeme ukikatika, kompyuta inarudi miaka ya nyuma, nayo kurasa salama na masasisho vinagoma. Hilo si suala la ruhusa, ila linajifanya ruhusa.

Tano, kwa mnaotumia Ubuntu na ndugu zake, mtaona Permission denied na namba 13. Huko unatanguliza neno sudo mbele ya amri yako na kuweka paswedi yako. Ila usizoee kubandika sudo kwenye kila amri uliyopewa na mtu usiyemjua. Sudo ni sahihi yako.

Na la sita ndilo zito. Kuna watu watakushauri uliruhusu folda la mitambo kwa kila mtu, ili kelele ziishe. Usithubutu. Huko ni kung'oa geti kwa sababu mlinzi alikuchelewesha. Na ile flashi ya kuvunja paswedi huku antivairasi imezimwa, mrudishie mwenyewe kwa shukrani.

Ukinunua mtumba, muulize muuzaji swali moja kabla hujatoa hela: nani msimamizi wa mashine hii, na paswedi yake iko wapi? Kama hajui, mwambie aifute na kuiweka upya mbele yako. Betri unaipima, kioo unakipima, sasa funguo huzipimi kwa nini?

YALIYOFUATA

Jumapili tulifanya kile alichokitaka fundi, ila kwa mpangilio. Faili la VICOBA likanakiliwa kwenye flashi mbili na kwenye barua pepe ya dada. Tukalifungua kwenye kompyuta ya jirani tuhakikishe linasomeka. Ndipo fundi akapiga window, yule yule, kwa elfu kumi na tano ile ile, na kazi aliifanya vizuri. Leseni haikusumbua, maana ilikuwa imo ndani ya mashine yenyewe tangu kiwandani. Mafaili ya ile ofisi ya Dar yaliyokuwa upande wa msimamizi yakafutika humo humo. Hatukuyachungulia, hayakuwa yetu.

Tukaweka akaunti mbili. Moja ya msimamizi, paswedi yake kaandika dada kwenye kauntabuku la VICOBA lililofufuliwa. Nyingine ya kazi za kila siku. Shemeji alitaka awe msimamizi muda wote, "nimeteseka vya kutosha". Dada akamwambia mtu hazunguki sokoni na hati ya shamba mfukoni. Yakaisha.

Mwezi wa kumi mteja mmoja akaja na flashi yake kuchapa barua. Ilipochomekwa tu na faili kufunguliwa, likatokea dirisha la paswedi ya msimamizi. Barua ya kuchapa inataka usimamizi wa nini? Shemeji akasema hapana, akaichomoa. Flashi ilikuwa imejaa virusi. Angekuwa msimamizi siku ile, sijui Desemba wangegawana nini. Waligawana vizuri, na mimi nilitumiwa senene.

Neno moja kwa wenye Windows 10, na najua mko wengi: tangu Oktoba 14, 2025 Microsoft imeacha kuipa masasisho ya kawaida, isipokuwa kwa mpango wa nyongeza wa muda. Kwa hiyo ukiona mashine yako imenyamaza haikusumbui tena, usifurahi. Amenyamaza mlinzi.

Binti wa Nkwenda yuko chuo. Alimtumia shemeji ujumbe wa kushukuru, akamalizia na shikamoo kwa "yule mzee mgeni". Mzee mgeni ndiye mimi. Nimesamehe.

Na yule kijana wa kijiweni? Nilimwandikia whoami pale pale, juu ya meza ya chai. Ikataja jina la kiume, si lake. Akakuna kichwa. Kumbe laptop kauziwa na binamu yake anayefanya kazi Muscat, ambaye aliituma kama ilivyo. Akampigia. Binamu akaanza longolongo, mara hakumbuki, mara subiri. Baadaye ikaja paswedi kwa ujumbe: jina la demu aliyemwacha mwaka juzi, na tarehe waliyokutana.

Kijana akaapdeti, akafurahi, akanilipia chai. Nikamshauri paswedi aibadilishe siku hiyo hiyo, na binamu asimwambie kwamba mimi nimeisoma.

Kwa leo naweka kalamu chini. Tuonane wiki ijayo panapo majaliwa.